Usiku wa Kulala Nyumbani

Tangu asubuhi mkunga hakukaa kitako. Mtaa wao ulikuwa ng'ambo ya daraja, nje kidogo ya mpaka wa mji mkuu, na mji ulikuwa ukiwanyonya watu kama mtoto mwenye njaa: mchana vibarua, usiku walinzi na waoka mikate. Kesho makarani wa sensa wangekuja, nao humhesabu mtu pale alikolala usiku wa kuamkia sensa. Mara iliyopita walikuta akina mama, watoto na wazee tu. Wilaya ikasema mtaa hauna watu, zahanati ya nini?

"Leo kila mtu alale kwake," alimwambia mumewe, mlinzi wa ghala huko mjini. "Omba ruhusa."

"Niseme nini? Mke wangu ana hamu nami?"

"Sema unaumwa. Uso unao."

Akapita mlango kwa mlango, kisha akarudia kuwachungulia waliokubali, kama mtu aliyeacha chungu motoni. Kufikia magharibi hata mwoka mikate alikuwa barazani kwake, mikono haijui pa kukaa.

Mara mke wa mwoka mikate akashikwa na uchungu. Mkunga alimpapasa tumbo. Mtoto alikuwa amekaa vibaya.

"Hospitali," alisema.

"Ng'ambo?" mwoka mikate aliuliza. "Si ulisema mtu asivuke daraja?"

"Tafuta gari, jirani. Mdomo utaufungua baadaye."

Walivuka. Nyuma yao taa za mtaa zilikuwa zimewaka nyumba hadi nyumba, na roho ya mkunga ikawa huku na huku.

Mama na mtoto walitoka salama. Asubuhi mkunga alirudi, macho mekundu, akamkuta karani mlangoni na mumewe amejaa kitini kama bwana harusi.

"Mama, usiku ulilala wapi?"

Mumewe akakohoa, akamkonyeza: sema hapa.

"Sikulala. Nilikuwa hospitali ng'ambo, na mzazi na mumewe."

"Basi mtahesabiwa huko. Wewe, mzazi, mumewe na mtoto."

"Umetulaza mtaa mzima kama kuku," mume wa mkunga alisema, "halafu mwenyewe ukatorokea mjini."

Mkunga hakumjali. "Waliobaki wanatosha?" alimuuliza karani.

"Sijui, mama. Nyumba bado nyingi. Kule nimebisha hodi, kimya."

"Kule kwa walinzi?" Mkunga alikuwa keshashika njia, hata maji hajanywa. "Hao wameonja usingizi wa usiku, hodi yako hawaisikii. Njoo nikuamshie."