Nyumba Kavu ya Mtaa wa Sycamore

Harufu ya kuku haitoki kwa sabuni. Twyla Haskett alishajaribu siki, ndimu, hata dawa ya meno, na bado kila alipoinua mkono kuziba mwayo, harufu ilimpiga puani. Asubuhi ile alipotoka zamu kwenye kiwanda cha kuchinja kuku alijifungia chooni, akavua buti za mpira, akavaa blauzi ya bluu aliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo. Vidole vilikuwa vimevimba kwa kushika kisu kwenye baridi, na vifungo vya blauzi vilikuwa vidogo. Alivifunga kimoja kimoja huku akitukana polepole.

Nje, mdogo wake Garland alikuwa amelaza kichwa kwenye usukani wa pikapu.

"Umependeza, dada," alisema alipomwona. "Unanuka, lakini umependeza."

"Washa gari, mjinga wewe. Tukichelewa Tume watanipiga tena kalenda."

"Mwezi uliopita si walikuahirisha?"

"Walikuwa na kikao cha kupanga."

"Kupanga nini?"

"Kupanga namna ya kupanga. Mimi najua? Twende."

Garland alicheka akaondoa gari. Nyuma, ndoo ya chambo na kiti cha kukunja cha kuvulia samaki viligongana kila walipopita shimo. Barabara ya kwenda mji mkuu wa jimbo ilikatiza mashamba ya mahindi yaliyoanza kukauka majani. Garland alimpa mkate wa soseji alioununua kituo cha mafuta. Twyla aliushika tu mpaka mafuta yakalowanisha karatasi.

Alichokuwa anakifuata huko ni leseni ya udalali wa nyumba. Kwa miaka sita alimfanyia kazi Lowell Pruitt, dalali mkubwa wa mji wao wa kando ya mto. Alisafisha nyumba zinazouzwa, akachomeka mabango kwenye nyasi, akaoka biskuti jikoni mwa watu ili mnunuzi akiingia asikie harufu ya nyumbani kwa bibi yake. Leseni hakuwa nayo, na sheria ya jimbo ilimwekea mpaka. Msaidizi asiye na leseni hufungua mlango na kugawa karatasi. Bei haitaji. Paa halisifu wala hakilaumu choo. Akiulizwa lolote hujibu, "Muulize dalali."

Alichoka kuwa bubu wa kulipwa kwa saa. Akasoma usiku, akafeli mtihani mara mbili, ya tatu akapasua. Ombi lake lilikuwa mezani kwa Tume ya udalali ya jimbo pale Pruitt alipomfukuza kazi na kumshtaki huko huko kwenye Tume. Ndipo akaangukia kwenye kuku. Sasa dalali mmoja wa mji wa jirani, Bi. Nadine, alikuwa amemwekea meza ofisini kwake kwa sharti moja tu: leseni ipatikane leo. Wapo wengine waliokuwa wakiitaka meza hiyo.

"Wakikuuliza kama ulisema," Garland alimshauri walipokuwa wakipanda ngazi za jengo la serikali, "sema hukumbuki. Wakubwa wote husema hawakumbuki, na mpaka leo wanakula."

Ukumbi wa Tume ulikuwa baridi kama kiwandani. Wajumbe watano walikaa nyuma ya meza ndefu. Wanne walikuwa madalali wenyewe, walioteuliwa na gavana kuwasimamia madalali wenzao. Wa tano, Daktari Fenwick, mng'oa meno mstaafu, alikuwa mjumbe wa kuwawakilisha wananchi. Alikuwa amelala.

"Kesi ya nyani, hakimu ngedere," Garland alinong'ona.

"Nyamaza."

Mwenyekiti, Bi. Maurine Oakley, alikuwa mama wa sauti tamu na miwani ya mnyororo. "Tuanze na jambo la furaha," alisema. "Mpango wetu wa miaka mitatu."

Taa zikapunguzwa. Mshauri mwelekezi aliyevaa suti ya kubana alionyesha picha ukutani. Lengo la kwanza la Tume lilikuwa kuulinda umma. La pili, kuufungua mlango wa taaluma kwa wananchi wa kipato cha chini. Penye lengo hilo palikuwa na picha ya mwanamke mnene mwenye tabasamu, ameshika funguo.

"Huyo anafanana na wewe," alisema Garland. "Ila yeye kalala usiku."

Twyla alitaka kucheka. Kisha mshauri akawashukuru waliojitolea kwenye kamati ya kuandaa mpango, "hasa Bwana Lowell Pruitt, mlezi wa taaluma yetu," na kwenye kiti cha mstari wa mbele akainuka yule yule Pruitt, nywele nyeupe zimechanwa vizuri, akapunga mkono. Watu wakapiga makofi. Bi. Oakley akamtania kwamba amenenepa.

Chakula cha mchana kililetwa kwenye maboksi. Wajumbe walikula chumba cha ndani, na Pruitt alikula nao. Twyla na Garland walikunywa maji ya bomba la korido. Shauri lake lilikuwa la mwisho, na lilipoitwa watu wengi walishaondoka. Mwanasheria wa Tume, Bwana Dillard, aliinuka bila kumtazama.

"Bi. Haskett, Jumapili ile ya Aprili, kwenye nyumba ya Mtaa wa Sycamore, ulikuwa na leseni?"

"Nilishafaulu mtihani, nilikuwa nangoja tu—"

"Ulikuwa na leseni?"

"Hapana."

"Uliwaeleza wateja habari za hali ya nyumba?"

Neno "sikumbuki" lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alikumbuka kila kitu. Siku ile ya mlango wazi, nyumba ikionyeshwa kwa yeyote anayetaka kununua, Pruitt alikuwa nje na simu yake, na Twyla jikoni na biskuti zake. Wakaingia mume na mke, mtoto kakaa mabegani kwa baba, mke ana mimba kubwa. Wakashuka chumba cha chini ya nyumba, Twyla nyuma yao na karatasi zake. Mke akatandaza mikono kupima ukuta. "Hapa kitanda cha Benji," alisema. "Huku kuna baridi nzuri, atalala vizuri."

Twyla aliijua sakafu ile kuliko sakafu ya kwake. Kila mto ulipojaa, maji yalichimbuka chini yakapanda mpaka magotini, na yeye ndiye aliyeyachota. Ndiye aliyewasha mashine ya kukausha unyevu siku tatu mfululizo, kisha akapaka rangi nyeupe juu ya ukungu kwa amri ya Pruitt. Alikuwa amefanya hivyo masika mawili bila kusema kitu. Mshahara ulikuwa mshahara. Lakini siku ile mtoto alimwonyesha viatu vyake vipya, na mdomo ukamtoroka. "Mama, msimlaze huku. Maji yanaingia."

"Niliwaambia," alisema sasa. Nyuma yake Garland alishusha pumzi. "Niliwaambia maji yanaingia, kwa sababu yanaingia."

"Sijauliza kama ni kweli," alisema Dillard. "Nimeuliza kama ulisema."

Daktari Fenwick alifumbua macho. "Samahani. Kwani maji yanaingia kweli?"

"Daktari," Bi. Oakley alimjibu kwa upole, "hilo halimo kwenye ajenda."

"Na yeye je?" Twyla alimwonyesha Pruitt kwa kidole chake kilichovimba. "Yeye ndiye aliyenipa rangi nipake. Mbona yeye hamumuulizi?"

"Hakuna malalamiko dhidi ya Bwana Pruitt."

"Nalalamika mimi. Hapa hapa."

"Malalamiko ya namna hiyo, Bi. Haskett, huletwa na mnunuzi aliyepata hasara. Hakuna mnunuzi."

"Hakuna kwa sababu niliwazuia!"

"Ndivyo ulivyofanya," alisema Dillard, sasa akimtazama kwa mara ya kwanza, tena si kwa ubaya. "Elewa, mama. Ungekuwa jirani, mtu baki aliyejipitia zake, asiyelipwa na dalali yeyote, ungesema lolote na tusingekuwa na shauri. Lakini ulikuwa unalipwa kwa saa. Mdomo wako ulikuwa kazini."

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, wanasema. Lakini Mungu hakuwa mjumbe wa Tume ile. Wanne waliinua mikono na Daktari Fenwick akaikunjua yake polepole akaangalia kucha. Ombi limekataliwa. Arudi baada ya mwaka, afanye mtihani upya, alipe ada upya, na kabla ya hapo ahudhurie kozi ya maadili.

"Usikate tamaa," Bi. Oakley alimwambia. "Umesikia mpango wetu asubuhi. Tunawahitaji sana watu kama wewe."

Twyla alimtazama mama yule akitafuta kejeli usoni mwake. Haikuwepo. Alikuwa anasema kwa moyo safi kabisa, na hilo ndilo lililomuumiza Twyla kuliko kura zote.

Kwenye pikapu alimpigia Bi. Nadine.

"Pole, mpenzi," alisema Nadine. "Mwaka mzima? Loo. Basi... unajua ilivyo. Yule binti mwingine nimwite aje kesho."

"Mwite," alisema Twyla, akakata simu.

Garland alimtukana Pruitt, akamtukana Oakley, akawatukana mama zao, mpaka alipoishiwa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ungesema hukumbuki tu, dada."

"Ningesema. Halafu?"

"Halafu usiku wa leo usingekwenda kwenye kuku."

Ilikuwa kweli tupu. Alifunga macho lakini usingizi haukuja.

Tangu afukuzwe kazi Twyla aliishi chumba cha nyuma kwa Garland, na Garland aliishi Mtaa wa Sycamore, mkabala na nyumba ile ile. Walipokunja kona jioni, jua bado kali, bango la Pruitt lilikuwa limesimama kwenye nyasi na kibandiko kipya kimewekwa juu yake: BEI IMESHUSHWA, KARIBU NDANI. Gari lake lilikuwa limeshafika, na mlango ulikuwa wazi. Harufu ya biskuti ilivuka barabara mpaka kwenye dirisha la pikapu. Kuna mwingine sasa aliyezioka, na alikuwa ameziunguza kidogo.

"Ingia ndani ulale," alisema Garland. "Dada? Unakwenda wapi?"

Twyla alichukua kiti cha kuvulia nyuma ya pikapu. Alivuka barabara nacho, akakikunjua kwenye njia ya miguu mbele ya ngazi za nyumba ile, akakaa. Miguu ilimuuma. Akavua viatu.

Pruitt alitoka barazani. "Twyla, nenda kapumzike. Umekesha."

"Nimekaa tu, Bwana Lowell."

"Hapa si pako."

"Njia ya miguu ni ya mji. Nyumba yangu ile pale. Mimi ni jirani."

"Tume imeshasema."

"Imesema. Mtu baki asiyelipwa na yeyote. Dillard kanifafanulia vizuri sana, na wewe ulikuwepo."

Gari dogo lilikuwa linaegesha. Alishuka msichana aliyevaa nguo za uuguzi, macho mekundu, bila shaka naye anatoka zamu. Alimtazama Pruitt juu, akamtazama Twyla chini, peku kwenye kiti cha samaki.

"Samahani, mama. Nyumba inayouzwa ndiyo hii?"

"Ndiyo hii," alisema Twyla. "Chumba cha chini kinajaa maji mto ukipanda. Mpaka hapa." Akajigusa goti.

Pruitt alicheka kicheko chake cha kikaoni, akashuka ngazi akinyoosha mkono. "Karibu, binti, karibu. Msamehe jirani yetu. Aliomba leseni, leo leo Tume imemkataa. Ana uchungu, na hatumlaumu."

Msichana hakuushika mkono mara moja. "Ni kweli?" alimuuliza Twyla. "Huna leseni?"

"Sina, mwanangu. Ningekuwa nayo nisingekwambia."

Msichana alisimama pale akichezea funguo za gari. Alitaka kuamini kitu, na ilionekana. Lakini upande mmoja kulikuwa na mtu aliyevaa tai, jina lake limeandikwa kwenye bango, na upande wa pili mwanamke peku anayenuka kuku. Akapanda ngazi. Pruitt akamfuata akafunga mlango.

Garland alikuwa amevuka barabara, mikono mfukoni. Alikaa kwenye ukingo wa barabara karibu na dada yake.

Baada ya muda, dirisha dogo lililokuwa usawa wa nyasi likawaka taa. Msichana alikuwa ameomba kushuka chini.

"Si umeona?" Garland alimgusa bega. "Kakusikia. Anakwenda kutazama mwenyewe."

Twyla aliinama akachungulia. Aliona miguu ya msichana ikizunguka polepole, ikisimama pembeni, ikirudi. Aliona ukuta, mweupe, mkavu, safi. Alikuwa ameupaka kwa mikono yake, mara mbili, na kazi ilikuwa nzuri.

Akainua uso kutafuta wingu. Halikuwepo hata la dawa.