Nyuki wa Wifi

Baba mkwe alisema banda lake la nailoni, pamoja na matikiti yaliyomo, litakuwa la yule atakayeweza kumfugia nyuki wa kuyachavusha. Tangu siku ile mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, salamu yetu ikawa kusonyana.

Nyuki wenyewe hawana mzinga wala malkia. Kila mama hujitafutia kipande cha mwanzi, akakijaza chavua, akataga, akaziba mlango kwa udongo, akaenda zake kufa. Hasaidiwi na yeyote. Nawapenda kwa hilo, maana hata mimi katika nyumba ile sikusaidiwa na yeyote.

Asubuhi moja wifi aliingia bandani na chupa mkononi, kichwa juu.

"Baba, wangu wametoka."

Nikachungulia. Viuno vyembamba kama uzi, miili haina manyoya, na kila mmoja ana sindano ndefu nyuma.

"Hao nyigu, wifi. Wamewala nyuki wako humo humo ndani ya mwanzi."

"Wivu tu. Mdudu ana mabawa, katoka kwenye mwanzi wangu. Unataka akuoneshe cheti?"

Baba mkwe akacheka. Alimpendelea bintiye wala hakuona haya.

"Nyuki ni nyuki," akasema. "Wafungulie."

Mianzi yangu ilitundikwa pale pale, milango bado imezibwa, watoto wamo ndani. Chupa ikifunguliwa nimekwisha. Nikamnyang'anya. Nikachomoa mwanzi wangu mmoja, roho ikiniuma, nikaupenyeza chupani na kufunga upesi.

"Nyuki angehangaika atoke, aende kwenye maua. Hebu mtazameni huyu."

Nyigu mmoja akapanda juu ya mwanzi, akaugongagonga kwa vipapasio, akatulia. Kisha akainua mkia na kuizamisha sindano taratibu.

"Anatoboa ukuta," nikasema. "Anataga juu ya mtoto wa mwenzake. Wake akianguliwa, anamla aliyemkuta."

Baba mkwe hakucheka tena. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa.

"Banda ni la mke wa mwanangu," akasema bila kunitazama.

Sasa wifi alijua ni nyigu, na niliona kwamba amejua. Aliichukua chupa mikononi mwangu kwa upole, nami kwa ujinga wa furaha nikamwachia. Akasogea hadi chini ya mianzi yangu, akafungua kifuniko.

"Basi kaa nalo, wifi," akasema.