Kikopo cha Juu ya Uchanja

Anyelwisye hakwenda zahanati siku ile kusikiliza habari za utafiti. Alikwenda kumuumbua Nelson. Tangu amzike mkewe Atuganile, mwezi wa nane sasa, alikuwa akiitafuta siku ambayo huyo mganga wa zahanati atasimama mbele za watu, na leo watu walikuwepo. Mabenchi yamejaa, mvua inapiga bati, na mfukoni mwa koti lake kilikuwemo kile kikopo.

Kikopo chenyewe kidogo, kama kidole gumba, ndani vijikaratasi vya kupimia sukari. Mradi mmoja wa afya, kwa mkono wa Nelson, uliwagawia wagonjwa sita wa sukari wa kijiji, kila mmoja na mashine yake. Kila asubuhi Atuganile alijitoboa kidole, akatonesha damu, mashine ikasema sita, kesho ikasema tano na kitu. Sukari iko sawa. Huku mama wa watu anamaliza ndoo ya maji, usiku hakai kitandani, na kidonda cha mguuni kinanuka. Walipomfikisha hospitali, mashine ya kule ikasoma thelathini. Siku ya tatu akafa. Na Nelson, bila haya, akaja msibani akasema mgonjwa alicheleweshwa, na kwenye daftari la zahanati akaandika hivyo hivyo. Alicheleweshwa na nani?

Kwake yeye jambo lilikuwa wazi. Wakubwa walinunua vitu vibovu wakawatupia wakulima, maana mkulima akifa hakuna kikao kinachoitishwa. Alitaka Nelson aseme hivyo kwa mdomo wake mwenyewe. Basi, hakutaka kingine.

Mgeni alikuwa binti mmoja, Doreen, mtafiti wa chuo kikuu. Alieleza kwamba kwenye kila kijikaratasi kuna njia nyembamba ya umeme, na juu yake wamepaka kitu kinachoitwa kimeng'enya. Hicho ndicho kinachoila sukari ya damu na kutoa umeme kidogo sana, na mashine inauhesabu. Sukari nyingi, umeme mwingi. Kipimo chake yeye kilikuwa cha aina mpya, kibao cha kioo. Ukikimulika, mwanga unausukuma umeme utoke kwenye kimeng'enya uingie kwenye waya. Prisca, jirani yake Anyelwisye, naye mgonjwa wa sukari, akauliza kama kwa ukungu wa huku kitafanya kazi siku ngapi kwa mwaka. Watu wakacheka. Doreen naye akacheka, akawaonyesha taa ndogo ya kukimulikia.

Anyelwisye hakucheka. Alikuwa ameona kwamba kila wakimaliza kukitazama, kibao kile kinarudishwa kwenye boksi la barafu. Akasimama.

"Binti, hicho kinaumwa? Mbona unakilaza kwenye barafu?"

"Kimeng'enya kikikaa kwenye joto kinakufa, baba. Mashine itawaka kama kawaida, lakini hakuna tena cha kuila sukari."

"Kwa hiyo itadanganya."

"Inaweza kusema sukari ndogo, kumbe ni nyingi."

Anyelwisye akakitoa kikopo, akakiinua juu ili hata wa benchi la mwisho wakione. "Hiki walimpa mke wangu. Sema sasa, daktari Nelson. Mlitugawia maiti."

Nelson alikuwa akitazama sakafu. Doreen akakipokea kikopo, akasoma tarehe. Muda wake ulikuwa bado haujaisha. Akakifungua, akanusa. Alipokirudisha mezani, vidole vyake vilikuwa na masizi.

"Kilikuwa kinakaa wapi, baba?"

Kwa mvua za Rungwe chumvi inalia maji ndani ya mkebe na nguo zinaota ukungu sandukuni. Nyumbani kwa Anyelwisye palikuwa na sehemu moja tu isiyojua unyevu, uchanja wa juu ya mafiga, panapokaa mbegu za mahindi. Ni yeye aliyepanda kigoda akakiweka pale, karibu na moto, kwa mapenzi kabisa. Akamkumbuka Atuganile na kimea chake cha ulezi. Togwa yake ilijulikana mpaka Kinyala, na kimea hakukipandisha uchanjani hata siku moja. Alikuwa radhi kusubiri jua wiki nzima. Cha motoni kimekufa, alikuwa akisema, hakiipi togwa utamu. Yeye alikuwa akimcheka.

"Juu ya uchanja," akasema.

Nelson akainua kichwa na kushusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Pumzi ile ndiyo iliyomchoma Anyelwisye.

"Usipumue. Siku unanipa hiki uliniambia nini?"

"Nilikwambia ukiweke pakavu."

"Na nini tena?"

"Hilo tu. Ndivyo tulivyoagizwa."

"Wewe umezaliwa huku. Kwa mama yako, pakavu ni wapi?"

Anyelwisye akawageukia wale wagonjwa watano waliobaki, akauliza nani kikopo chake kiko juu ya moto. Prisca ndiye wa kwanza kunyoosha mkono, taratibu. Ikafuata mingine mitatu.

"Mashine yangu jana ilisoma sita," Prisca akasema, na hakuwa na utani tena.

Doreen alikuwa ameanza kueleza kwamba kibao chake bado ni cha majaribio. Anyelwisye hakumsikiliza. Alimshika Prisca mkono, akamkalisha kwenye kiti cha mbele, akamwambia Nelson afungue kikopo kipya. Nelson akafungua, akamtoboa kidole. Mashine ikasoma ishirini na nne. Akavuta karatasi ya rufaa ya hospitali, akaanza kuandika.

Anyelwisye akamsimamia begani mpaka alipopiga mhuri. Kisha akalisogeza daftari la zahanati mbele yake.

"Sasa tafuta ukurasa wa Atuganile. Pale ulipoandika alicheleweshwa, andika na waliomchelewesha. Ni majina mawili, langu na lako. Anza na lako."