Lebo Chini ya Kiganja

Mzee Inagaki, dereva wa tramu mstaafu, alikuwa na fahari moja: nyumbani kwake haikuingia happoshu, kile kinywaji cha kimea kidogo kinachojifanya bia.

"Anayekunywa happoshu ataoa kwa kubahatisha vilevile," alisema. Tomoharu, aliyekuja kumposa binti yake Chizuru, akakaza magoti juu ya mkeka.

Kila jioni mkewe, Fusae, humletea bia kutoka jikoni, tayari imemiminwa kwenye kikombe cha udongo. Mzee husema udongo hulainisha povu.

Tomoharu alipopeleka jikoni sahani ya maharage machanga ya kuchemsha iliyokwisha, alimkuta Fusae akimimina. Kopo lilikuwa la happoshu.

"Tangu alipostaafu," Fusae alinong'ona. "Pensheni haikutosha, na yeye hakuuliza. Sasa anataka zile ulizotuletea zawadi ya katikati ya mwaka, na hizo ni bia kweli. Akiona lebo, kisha aonje tofauti, nimekwisha, mwanangu."

Tomoharu akarudi, Fusae nyuma yake, akachukua kopo kwenye boksi lake la zawadi pale mlangoni. Akapiga magoti, akamimina kwa mikono miwili, kiganja kimefunika lebo.

"Lebo juu, kijana! Kwenu hawakukufundisha kummiminia mkubwa?"

"Samahani, mzee. Mikono inatetemeka."

Mzee akapiga funda. Akapiga la pili, uso ukamkunjamana.

"Chungu. Nzito kama supu ya jana." Akakitazama kile kiganja. "Aa! Ndiyo maana unaficha! Umeniletea happoshu!"

"Baba, lakini hizo ni..." Chizuru alianza, ameketi kando ya mama yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyezichagua dukani. Mama yake akamfinya pajani.

Tomoharu alitazama kopo. Angegeuza mkono tu, heshima yake ingerudi. Fusae alikuwa akikunja kitambaa cha meza ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa.

"Ndiyo, mzee," akasema, akiinama hadi paji la uso likagusa mkeka. "Ni happoshu. Naomba radhi."

Panka iligeuka huku, ikageuka kule.

"Fusae! Mletee bia yetu huyu, aonje."

Kikombe cha udongo kikaja. Tomoharu akanywa.

"Unaonaje?"

"Nyepesi, mzee. Sijawahi kunywa bia kama hii."

"Umesikia?" Mzee alimgeukia mkewe, uso umemng'aa. "Ana ulimi wa kuonja, ila hajapata mtu wa kumfundisha. Na akikosea hukiri, halalamiki. Chizuru, huyu anafaa. Lakini kila Jumamosi aje hapa anywe bia ya kweli, mpaka aijue."

Tomoharu akainama tena. Safari hii alichelewa kuinuka, kwa kuwa alikuwa anacheka.

"Na hizi zake tufanyeje?" Fusae aliuliza. "Lipo boksi zima."

"Zipelekeni huko jikoni, mnywe nyinyi. Wanawake hamchagui."

"Basi tutajilazimisha," alisema Fusae, akabeba boksi kwa mikono miwili, lebo juu.

Wanaume wawili wakabaki na kikombe chao cha udongo. Nyuma ya mlango wa karatasi makopo yakafunguka, moja baada ya jingine, na vicheko vikafuata.

"Unawasikia?" Mzee alisema kwa huruma. "Happoshu hiyo. Inapanda kichwani upesi."