Siku Venant Alipotutembeza Mumosho

Mume wangu Venant hakuwa mtu wa kutembeza watoto. Nasema hivyo mbele ya Mungu na mbele ya majirani zangu wote wa Kadutu, maana wao ndio mashahidi. Jumapili tukishatoka misa alikuwa anavua viatu, anatia ubao wake wa dama kwapani, anakwenda kukaa kibarazani kwa fundi redio hadi giza liingie. Watoto wakitaka kumwona baba yao walikwenda kusimama nyuma ya mgongo wake, naye aliwaambia wasimzibie mwanga.

Basi siku moja katikati ya juma aliingia jikoni, akasimama mlangoni akipapasa kidevu, akasema Jumapili tutawapeleka watoto Mumosho wakamsalimu mama yake na kuuona mto Ruzizi. Nilifurahi kama mjinga. Honoré, jirani yetu, dereva, alikuwa anakwenda huko kupakia ndizi, na angetubeba sote kwa kamioneti yake na kuturudisha jioni. Watoto waliruka-ruka. Yaani Placide ndiye aliyeruka, huyo wa miaka mitano. Dada yake Cibalonza alikuwa na miaka tisa na siku hizo alikuwa kimya kidogo, nikadhani ni mambo ya shule.

Jumamosi Venant akaniambia, "Utie nguo mbili tatu za Cibalonza ku sac. Kule kuko matope."

"Na za Placide?"

"Placide iko mudogo. Hatachafuka sana."

Jamani! Mtoto wa kiume wa miaka mitano hatachafuka! Ningemkaba koo pale pale. Lakini nilikuwa nimetoka salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia barabara za Serikali, mgongo unaniuma, nikanyamaza. Mkoba ule niliupanga mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Nilikunja gauni, nilikunja sweta, nilitia hata kitana. Nikikikumbuka kile kitana hasira inanipanda hadi leo.

Asubuhi ya Jumapili bwana akatoka chumbani amevaa abacost yake ya bluu, ile suti isiyo na tai ya kupokelea wakubwa. Nani anavaa abacost kwenda kuangalia mto? Nikamcheka, nikamwuliza kama mkuu wa mkoa naye atakuwepo kule Ruzizini. Alipanda mbele na Honoré, mimi na watoto tukapanda nyuma, tukapita mtaa wa Panzi tukiimba. Mimi niliimba kuliko wote.

Mumosho nilipajua. Mama mkwe alikuwa akiishi pale peke yake tangu binti yake wa mwisho, Domitille, alipoolewa mbali. Si mama mbaya. Ana ulimi, lakini na mimi ninao, tulikuwa tunaelewana. Ofisini kwangu Ibanda, nilikokuwa dactylo, mpiga taipu, niliitwa citoyenne Nabintu, yaani mwananchi Nabintu, kwa kuwa majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku; nyumbani nilibaki Euphrasie; na kwake yeye nilikuwa M'Mushagalusa, yaani binti Mushagalusa, na hakuwa na haja ya kujua jina lingine.

Nilipofika nikaona kwanza watu. Ndugu wa mume wangu walikuwa wamejaa uani, wameketi juu ya mabenchi kama kwenye posa, na katikati baba yake mdogo, mzee Aloys, na kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, miguuni. Nikajiambia, haya, leo tumeheshimiwa. Mama mkwe akamkumbatia Cibalonza, akamkumbatia tena, hakumwachia. Placide alipewa mkono tu.

Mto tuliuona kwa mbali, tumesimama juu ya kilima. Venant alionyesha kwa kidole, akasema, "Ile njo Ruzizi," kisha akageuka kurudi. Hata mate sikuwahi kumeza. Placide aliuliza kama kuna viboko, baba yake akasema twende, watu wanangoja. Hayo ndiyo matembezi niliyoyaimbia tangu Kadutu.

Tukala. Kulikuwa na ugali, maharagwe, kuku, na mimi nikatoa mikate yangu ya mafuta niliyoikaanga usiku. Watu walinisifu mno. Mwanamke mmoja nisiyemjua akanishika mkono na kuniambia nina moyo. Nikamwambia asante, nikifikiri anasema mikate.

Ndipo mzee Aloys akainuka na kibuyu mkononi.

"M'Mushagalusa," akasema, "miye na famili yote tuko nakushukuru. Kuko bibi benye kusoma, banafungaka batoto ku muji sawa vile kuku. Weye hapana. Weye umemupatia mama yetu mutoto wako wa kwanza, na roho moja. Mungu akubariki."

Watu wakapiga makofi. Mama mkwe akaingia ndani, akarudi na kijembe kipya, mpini wake mfupi wa kutosha mkono wa mtoto, na bidoni ndogo ya maji. Akaviweka mbele ya Cibalonza, akasema, "Hii iko yako."

Nilimtazama Venant. Alikuwa anafungua na kufunga kifungo cha juu cha abacost yake.

Niwaeleze jambo hili, kwa sababu wengine watasema nilimnyima mama mzee mjukuu. Kwetu, nyanya akibaki peke yake hupewa mtoto wa kumtekea maji na kuifanya nyumba isiwe baridi. Silaumu. Lakini dada yangu Valérie alipelekwa hivyo hivyo kwa mama wa baba yetu, eti kwa vacances, likizo, na vacances zile zilikwisha wakati matiti yameshamtoka. Mimi nikaenda shule. Yeye hadi leo akipata barua ananiletea nimsomee, hata zile za mume wake. Na Cibalonza wangu alikuwa troisième primaire, darasa la tatu, kwa masista, alikuwa anasoma kila kitu, hata vipande vya gazeti vilivyofungia chumvi. Mumosho shule ilikuwa upande wa pili wa kilima, na mtoto mwenye bidoni kichwani haendi.

"Nimemupatia nani mutoto wangu?" nikauliza.

Mzee Aloys akacheka kidogo, akidhani natania.

"Nimeuliza. Nani amesema nimemupana?"

"Venant alikuya hapa kunieleza," mama mkwe akasema. "Alisema weye mwenyewe umekubali. Alisema umelia kidogo, lakini umekubali."

Umelia kidogo! Yule mwanamume alikuwa amenitungia hata machozi! Nikainuka, nikamwendea, na yeye akaniambia chini chini, kwa ile sauti yake ya mbele za watu, "Euphrasie, tutazungumuza ku nyumba."

"Nyumba gani? Hii haiko nyumba? Zungumuza hapa! Ulitoa mutoto wangu sawa vile unasogeza dama! Uliniambia nitie nguo ku sac juu ya matope. Matope iko wapi, Venant? Onyesha batu matope!"

"Unanitia haya mbele ya baba."

"Haya? Weye uko na haya?"

Nilisema mengi. Nilisema hajui mtoto wake anavaa kiatu namba gani. Nilisema hajui jina la sista anayemfundisha. Nilisema mtu asiyemtembeza mtoto hata hadi sokoni, siku anayomtembeza anakwenda kumwacha. Mzee Aloys alijaribu kunituliza, nikamwambia akae, akakaa. Wanawake wengine walikuwa wameinamisha vichwa, na wawili walikuwa wanajizuia kucheka, niliwaona. Placide alianza kulia. Cibalonza alikuwa amesimama na kijembe mkononi, hajakitupa, hajakikumbatia, anaangalia ardhi.

Nikamgeukia mama mkwe.

"Maman, miye sikujua. Naapa. Kama ungeniuliza, ningekuambia hapana, lakini ningekuambia ku macho yako."

Yule mama alikuwa anamtazama mwanawe, na uso wake ulikuwa unabadilika kidogo kidogo, na mimi nilijua vile hasira inavyoingia usoni mwa mwanamke, nikasogea kando.

"Venant," akasema. "Ulimuuliza bibi yako?"

"Maman, ulikuwa unalia. Kila mara nikikuya unalia. Bandugu banasema niko mutoto gani anaacha mama yake peke."

"Ulimuuliza?"

Bwana akatazama viatu vyake.

"Nililia juu niko peke," mama mkwe akasema. "Sikulia ili unifanye mwizi. Umenipigisha batu makofi. Nimemushika mutoto wa mwenyewe mbele ya bote, na mama yake haijui!"

Akamnyang'anya Cibalonza kile kijembe, taratibu, akampapasa kichwa. Kisha akaichukua bidoni, akaenda nayo hadi kwa mwanawe, akaisukuma kifuani kwake juu ya abacost.

"Mimi nilitaka mutoto wa kukaa naye. Niko naye. Njoo na hii. Kisima unakijua, ulichezea pale utoto wako wote."

"Maman, kesho iko kazi."

"Kazi iko hapa."

Sijui aliteka bidoni ngapi kule, kwa maana mwenyewe hakutaka kusimulia na mimi sikuuliza. Ninachojua ni kwamba wakati Honoré alipokuja kutuchukua, kamioneti imejaa mikungu, Venant alikuwa anapandisha kilima na ile bidoni begani, maji yanamwagikia abacost ya wakubwa, na mzee Aloys anampigia kelele kwamba watoto wa zamani walikuwa hawamwagi. Hakutupungia mkono. Na mimi nisingeupokea.

Tukapanda nyuma juu ya ndizi. Nilikuwa nimeshinda, na hasira haikunitoka, iliniganda kifuani kama ugali mbichi. Mama mkwe alikuwa ametutolea maparachichi kwa ajili ya njia, amenishika mkono, amesema nirudi na watoto wote wawili wakati wa likizo, na mimi nimesema ndiyo, kwa kweli. Kwake yeye sikuwa na neno.

Placide alilala mara moja. Cibalonza alikaa na mkoba wake magotini, ule mkoba wenye kitana. Nikamwambia, "Imekwisha. Kesho unaenda école."

Akasema, "Nilishawaaga."

"Nani?"

"Batoto ba darasa. Siku ya Ijumaa. Na ma sœur. Niliwaambia sitarudi."

Nikamtazama. Kamioneti ikapiga shimo, sote tukaruka.

"Ulijua?"

"Papa aliniambia siku ile ya kwanza, kabla aseme kwako. Alisema nikikuambia utapiga makelele, mutagombana, majirani watasikia. Alisema nikikaa kimya hakuna mutu atagombana."

Siku zote zile. Mtoto alikuwa amekula mezani pangu, amelala kitanda kimoja na mdogo wake, ameniangalia nikikunja gauni lake na sweta lake, ameimba nami hadi Mumosho, na alikuwa anajua anakwenda kuachwa. Aliponiona nacheka abacost ya baba yake, alikuwa anajua. Nilitaka kumwambia Honoré ageuze gari. Nilitaka kurudi nikamshike yule mwanamume nimtie mwenyewe ndani ya kisima chake.

"Na weye ulitaka kubaki?" nikamwuliza.

Akatikisa kichwa.

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa mutagombana."

"Sikiliza miye, Cibalonza." Nikautupa mkoba kando, nikamshika mabega. "Siku mutu atataka kukupana, akuwe papa, akuwe miye, akuwe nani, unapiga makelele. Batu bagombane. Nyumba ivunjike. Unasikia? Piga sasa."

"Hapa?"

"Hapa hapa."

"Niseme nini?"

"Sema hautaki."

"Sitaki," akasema, kwa sauti ile ya kuungama dhambi.

"Siko nasikia."

"Sitaki."

"Miye niko karibu yako na siko nasikia. Papa yako kule kisimani haisikii. Piga!"

Akashika ukingo wa kamioneti kwa mikono miwili, akageukia kule tulikotoka, akavuta pumzi, na kilichomtoka mtoto yule sikujua kama kilikuwamo ndani yake. "SITAKI!" Wanawake waliokuwa wanatembea na mizigo wakasimama. Honoré akafunga breki, akatoa kichwa dirishani akauliza nani ameanguka.

"Hakuna mutu," nikamwambia. "Endesha."

Hakuwa amemaliza. Machozi yalikuwa yanamtiririka na shingo imemtoka mishipa, akapiga tena, na tena. Placide akashtuka usingizini, akaingia naye, sitaki, sitaki, hajui hata ni nini hataki. Na mimi nikapiga pamoja nao, watu wakitutazama, hadi Panzi.