Masomo ya Saa Ishirini na Nne

Wazazi ndio walioanza. Shule ilipofungwa nilifundisha hesabu za darasa la saba kwa simu: narekodi sauti, napiga picha ubao mdogo niliouegemeza kwenye kabati la vyombo, natuma vyote kwenye kundi la darasa. Wiki ya kwanza haikwisha, simu za watu zikajaa.

"Mwalimu, sauti zako zimenimaliza," aliandika mama mmoja mshonaji. "Nimefuta mpaka picha za harusi ya mdogo wangu. Bado kidogo nimfute bwana harusi mwenyewe."

Kundi zima likacheka, nami nikaona haya. Nikachokonoa simu mpaka nikapata pa kubonyeza: kila ujumbe ujifute wenyewe baada ya saa ishirini na nne. Yaliyotangulia nikayafuta kwa wote. Mtoto asikilize, anakili, somo litoweke, simu ipumue. Wazazi wakanishukuru, mwalimu mkuu akawaambia wenzangu waige. Nikavimba kichwa, sitaficha.

Mmoja tu hakuleta zoezi hata moja, Kalamu. Tulimwita hivyo kwa sababu hakukosa kalamu sikioni, na darasani alikuwa akitaja jibu kabla sijamaliza kuandika swali. Wiki sita, kimya. Baba yake mchoma matofali, wanakaa nyuma ya vilima. Nilijua huko mtandao ni wa kubahatisha, lakini simu wanayo. Nikakasirika. Nikasema moyoni, hawa wenye akili wakipewa likizo ndio wavivu kuliko wote. Ijumaa ilipotakiwa orodha ya watakaofanya mtihani wa mwisho, na asiye na mazoezi arudie darasa, nilimwandikia sifuri.

Jumatatu baba yake akapiga hodi ofisini, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, daftari kwapani.

"Mwalimu, nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini tena, mzee wangu?"

"Hata sijui. Ndiyo nimekuja kuuliza. Binti yangu alikukosea nini mpaka ukamnyima masomo?"

Nikamwambia masomo nilituma kila siku, Jumatatu hadi Alhamisi. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu asiyetaka kumbishia mwalimu.

"Mimi nashuka kwenye mashine ya kusaga kila Jumamosi asubuhi, ndiko kwenye mtandao. Nafungua simu, nakuta neno moja tu la Ijumaa: 'Mpumzike vizuri, wanangu.' Basi. Wiki zote ni hilo hilo."

Nikahesabu saa kwa vidole, Alhamisi mpaka Jumamosi. Nikamwacha amekaa, nikakimbilia kwa mwalimu mkuu.

"Orodha ilishakwenda," alisema. "Maji yakimwagika hayazoleki, mwalimu."

Nikapiga simu ofisi ya mitihani ilikopelekwa. Karani akanisikiliza mpaka mwisho, kwa upole kabisa, kisha akasema mfumo umefungwa na yeye hana ufunguo. Nikamwomba anipe mwenye ufunguo. Akasema hamjui.

Nikarudi nikamwambia yule baba kwamba angalau nitamtumia masomo yote sasa hivi, hapa hapa, yamsaidie mwakani. Nikafungua simu yangu. Nikapandisha juu, nikapandisha tena. Hakukuwa na sauti wala picha ya ubao. Kilichobaki ni mstari mdogo wa kijivu uliosema kwamba ni mimi niliyewasha ujumbe wa kutoweka.

Nikaizima simu. Yeye akadhani nangoja kuonyeshwa daftari, akalifungua mezani. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, neno "Hisabati" na mstari ulionyooshwa kwa rula. Chini yake, peupe.

"Kaacha nafasi," alisema. "Anasema ukishamsamehe utatuma yote kwa pamoja." Akalifunga, akalifuta vumbi kwa kiganja. "Sasa nikifika nimwambieje, mwalimu? Umemsamehe?"