Dawa ya Kila Siku

Kulsum alisimamishwa mbele ya kaunta ya uhamiaji ya Wamarekani, humo humo ndani ya uwanja wa ndege wa Toronto, vitu vya pochi yake vimemwagwa mezani. Mama yake alikuwa mahututi Detroit. Abiria wa ndege yake walishaanza kuitwa.

"Unafanya kazi gani?" ofisa aliuliza. Mkalimani wa Kiswahili alisikika kwenye simu.

"Napakia bangi, kiwandani Malton. Kiwanda kina leseni ya serikali."

Hakuwa na cha kuficha. Canada bangi ni halali. Hata huko Detroit inauzwa madukani mchana kweupe, kwa ruhusa ya jimbo. Lakini ofisa huyu alilinda sheria ya Washington, na Washington bado inaiita bangi haramu. Aliandika. Kisha akauliza swali refu, mkalimani akalikata:

"Mama, unatumia dawa?"

"Ndiyo, mwanangu. Kila siku, asubuhi na jioni."

Mkalimani akalipeleka jibu kwa Kiingereza. Kiingereza cha Kulsum ni cha kiwandani, lakini kilitosha kumwonyesha shimo alilotumbukia: swali lilikuwa la dawa za kulevya.

"Presha!" alipiga kelele. "Dawa ya presha!"

"Anasema umeshakiri, mama." Sauti ya mkalimani ilikuwa imenywea. "Hutaingia tena Marekani maishani mwako."

Dirisha la pili alisimama Navroz, mwenye kiwanda, pasi ya Kimarekani mkononi. Kiwanda kizima kilijua anakwenda kufungua duka la bangi Detroit.

"Pole, dada Kulsum," alisema. "Si ungesema tu unapakia viungo?"

Kulsum alimnyooshea kidole. Kama yeye hapiti, basi na huyu asipite, wazame wote.

"Huyu ndiye mwenye bangi! Anakwenda kufungua duka huko! Mkamateni!"

Safari hii mkalimani alitafsiri neno kwa neno. Ofisa aliifungua pasi ya Navroz, akaifunga.

"Ni raia wetu. Hatuwezi kumzuia kurudi kwao."

Navroz aliweka tai yake sawa. "Jumatatu usije kazini," akasema, akapita.

Simu ya Kulsum ililia. Alikuwa mdogo wake, Narjis, kando ya kitanda cha mama yao.

"Dada, uko wapi? Mama anakuita. Nimwambie nini?"

Kulsum aliutazama mgongo wa Navroz ukielekea kwenye ndege.

"Mwambie mimi siji," alisema. "Anakuja tajiri wangu."